Jinsi ya Kupima Kulika kwa Meno kwa Watu Wazima Vijijini, na Kujua Nani Yanamlika Zaidi

Elimu haigusani na jino, wala kipato hakigusani nalo. Kinachogusana na jino ni chembe za mchanga zilizomo kwenye chakula, asidi ya tunda au ya tumbo, nywele za mswaki, na jino lililo mkabala nalo. Umri, jinsia, kazi, elimu na uwezo wa kaya vinalifikia jino kwa kupitia hivyo tu. Timu ikisahau jambo hili hurudi kutoka kijijini na jedwali linalosema "wasiosoma meno yao yamelika zaidi", na ikiulizwa kwa nini haina jibu. Mara nyingi jibu lenyewe ni jepesi kuliko wanavyodhani: wasiosoma ndio wazee wa kijiji.

Mwongozo huu ni kwa timu ndogo ya afya ya kinywa: mchunguzi mmoja au wawili, karani wa kuandika, na muulizaji wa hojaji. Hauhitaji mashine wala umeme, isipokuwa wa kutakasia vifaa.

Aina za kulika, na dalili zake

Meno hulika kwa njia tatu kuu, na kinywani mwa mtu mzima huwa zimechanganyika. Usijaribu kumpa mtu aina moja. Andika dalili unazoziona, kisha uzilinganishe na majibu ya hojaji.

Msagano ni jino kwa jino. Utaona uso bapa unaong'aa, wenye kingo kali, na ukimwambia mtu afunge kinywa na kuteleza taya kidogo upande, uso huo unakaa sawasawa juu ya mwenzake wa taya la pili. Usipooana na mwenzake, huo si msagano mtupu. Wanaosaga meno usingizini huwa na nyuso za namna hii mpaka kwenye chonge.

Mkwaruzo hutoka kwa kitu cha nje: mswaki, mkaa, majivu, mchanga, uzi unaokatwa kwa meno, msumari unaoshikwa mdomoni. Ule wa mswaki hukaa shingoni mwa jino upande wa shavu, hasa kwenye chonge na magego madogo, kwa umbo la kabari au la kisahani. Tazama pande zote mbili: mtu anayetumia mkono wa kulia mara nyingi huumiza zaidi upande wa kushoto. Ule wa chakula chenye chembe ngumu hutandaa kwenye uso mzima wa kutafunia, pamoja na sehemu ambazo meno ya juu na ya chini hayakutani.

Mmomonyoko ni kazi ya asidi bila bakteria. Jino huwa laini kama lililopakwa mafuta, mistari midogo ya enameli (tabaka gumu la nje la jino) imepotea, vilele vya magego vimebonyea kama vikombe vidogo, na jino lililozibwa linaacha kizibo kikiwa kimeinuka kuliko enameli iliyokizunguka. Alama ya mwisho hiyo ni ya kuaminika sana, kwa kuwa kizibo hakiyeyuki kwa asidi kama jino linavyoyeyuka. Mmomonyoko ukiwa nyuma ya meno ya mbele ya juu, upande wa kaakaa, fikiria asidi ya tumbo: kiungulia cha muda mrefu au kutapika mara kwa mara. Ukiwa upande wa mdomo, fikiria kinachonywewa na kuliwa.

Kuna uharibifu mwingine kwenye shingo ya jino ambao baadhi ya wataalamu huueleza kwa jino kupinda linapobanwa kwa nguvu, mpaka enameli ikabanduka. Ubishi juu yake haujaisha. Kijijini, ukiwa na kioo na taa ya kichwani tu, huwezi kuutenga na mkwaruzo wa mswaki. Andika "shingo" na uendelee.

Vipo vitu vitatu vinavyofanana na kulika na si kulika. Kwanza ni madhara makali ya floridi: enameli yenye madoa ya kahawia na vishimo huvunjika vipande baada ya jino kuota, na asiyeangalia vizuri huandika alama ya juu. Kinachoitofautisha ni kwamba meno ya pande zote mbili yameathirika kwa kulingana, na mabaki ya enameli yana mawingu meupe au rangi ya kahawia. Pili ni jino lililomeguka kwa kugongwa: ukingo wake ni mkali na haulingani. Tatu ni meno yaliyochongwa kwa makusudi. Haya yote yapewe alama ya pekee, yasiingizwe kwenye hesabu.

Kipimo kipi utumie

Vipimo ni vingi, lakini kwa kazi ya kijijini viwili vinatosha kufikiriwa.

Cha kwanza ni BEWE (Basic Erosive Wear Examination), kilichotolewa mwaka 2008 na Bartlett, Ganss na Lussi. Kinywa kinagawanywa sehemu sita: 17 hadi 14, 13 hadi 23, 24 hadi 27, 37 hadi 34, 33 hadi 43, na 44 hadi 47. Tarakimu ya kwanza ya namba hizi ni robo ya kinywa, ya pili ni nafasi ya jino ukihesabu kutoka katikati. Magego ya mwisho hayahesabiwi. Kila uso wa jino unatazamwa, lakini kinachoandikwa ni alama ya jino lililolika zaidi katika kila sehemu:

0 – hakuna kulika
1 – umbile la juu la enameli limeanza kupotea
2 – upungufu ulio dhahiri, chini ya nusu ya uso
3 – upungufu umefika nusu ya uso au zaidi

Jumla ya sehemu sita haizidi 18. Kwa mujibu wa waliokitunga, jumla ya 2 au chini haina hatari, 3 hadi 8 ni hatari ndogo, 9 hadi 13 ya wastani, na 14 kwenda juu ni kubwa.

Cha pili ni kile cha Smith na Knight cha mwaka 1984, chenye alama 0 hadi 4 kwa kila uso wa kila jino: upande wa shavu, upande wa ulimi, uso wa kutafunia, na shingo. Mtu mwenye meno 28 anakupa nyuso 112 za kuandika. Kipimo hiki kina maelezo mengi zaidi, hasa shingoni: alama 2 ni shimo lisilofika milimita 1, alama 3 ni milimita 1 hadi 2, na alama 4 ni zaidi ya milimita 2 au kiini cha jino kimefikiwa. Ubaya wake ni muda na uchovu. Karani akichoka anaanza kuandika 1, 1, 1 kwa mazoea.

Ushauri wetu ni kutumia BEWE kwa kinywa kizima, kisha kuongeza safu moja ya shingo za chonge na magego madogo kwa alama za Smith na Knight. BEWE ilitungwa kwa ajili ya mmomonyoko, na ukiitumia peke yake shingo iliyokwanguliwa na mswaki inazama ndani ya alama ya uso wa shavu. Kupima kina cha shingo hakuhitaji kifaa cha ziada. Kichunguzi cha ufizi kinachopendekezwa na WHO kina tufe la nusu milimita kwenye ncha. Tufe likizama lote ni nusu milimita, na kina cha matufe mawili ni milimita 1.

Umri kwanza, mengine baadaye

Sehemu hii ndiyo inayoharibu tafiti nyingi, kwa hiyo tuikalie.

Jino hulika kila siku, hata la mtu mwenye afya njema. Gego hupoteza takriban mikroni 29 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) kwa mwaka pale linapokutana na mwenzake, na gego dogo kama nusu ya hapo. Kwa miaka 40 hiyo ni zaidi ya milimita 1, wakati enameli yenyewe kwenye vilele vya magego ni kama milimita 2.5 kwa unene. Enameli ikitoboka, dentini iliyo chini yake ni laini zaidi na hulika kwa kasi zaidi. Kwa sababu hiyo kulika hakupandi na umri kwa mstari ulionyooka, na umri ukipimwa ovyo, kila kinachoambatana nao (elimu, ujane, kazi, idadi ya watoto) kitaonekana kuwa kisababishi.

Tazama mfano huu wa kubuni. Watu 200 hawakusoma, na 150 kati yao ni wazee. Watu 200 walisoma, na wazee kati yao ni 50. Tuseme kulika sana kunawapata asilimia 80 ya wazee na asilimia 30 ya vijana, na elimu haina athari yoyote. Wasiosoma watakuwa na walioathirika 135, yaani asilimia 67.5. Waliosoma watakuwa na 85, yaani asilimia 42.5. Mtu akiweka namba hizo kwenye jedwali bila kutenga umri atatangaza kwamba kutosoma kunaongeza kulika kwa mara 1.6, na tumejenga mfano huu wenyewe tukijua elimu haijafanya lolote.

Vijijini wapo wengi wasiojua mwaka wa kuzaliwa. Fanya hivi:

Omba hati yoyote kwanza: kitambulisho, cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki ya mtoto wa kwanza. Andika kwenye fomu chanzo cha umri huo.

Kama hakuna hati, tumia kalenda ya matukio. Kabla ya uchunguzi, kaa na wazee watatu au wanne wa eneo hilo na uandike mambo yanayokumbukwa na wote yenye mwaka unaojulikana: mafuriko, njaa, kufunguliwa kwa shule, kuingia kwa kiongozi. Halafu muulize mhusika: "Wakati wa tukio hili ulikuwa umeshaoa au kuolewa? Ulikuwa na mtoto? Ulikuwa unachunga?" Matukio mawili yanayobana pande zote mbili yanatosha.

Usimkadirie mtu umri kwa kumtazama. Hasa usimtazame meno. Mchunguzi anayeona meno yamelika na kuandika "huyu ni 65" ameshatengeneza uhusiano kati ya umri na kulika yeye mwenyewe. Ndiyo maana umri unaandikwa na muulizaji, kabla mtu hajafungua kinywa, na mchunguzi haoni fomu hiyo.

Ukimaliza, pima ubora wa umri ulioupata kwa kipimo cha Whipple, kinachoonyesha watu wamevutwa kiasi gani na namba za mviringo. Hesabu watu wote wa miaka 23 hadi 62, na kati yao wenye umri unaoishia 0 au 5. Gawa hao wa pili kwa moja ya tano ya wote, zidisha kwa 100. Ukiwa na watu 400 na 120 kati yao wanaishia 0 au 5, ni 120 gawa kwa 80, yaani 150. Kipimo cha 100 maana yake hakuna mvuto wowote wa 0 na 5. Cha 500 maana yake kila umri unaishia 0 au 5. Kuanzia 125 umri wako ni wa kukadiria, na usiuchambue kwa mwaka mmoja mmoja. Tumia makundi mapana, na mipaka yake isipite kwenye 40 au 50 palipojaa watu. Makundi ya 35–44 na 65–74 yanafaa, kwa sababu WHO huyatumia na utaweza kulinganisha matokeo yako na ya wengine. Yajazie katikati kwa 45–54 na 55–64, na chini kwa 20–34.

Kuchagua vijiji na watu

Kanuni ya kawaida ya idadi, ukitaka kukosea kwa asilimia 5 tu na hujui kiwango halisi, inakupa watu 385. Idadi hiyo inadai kwamba umewachagua mmoja mmoja kutoka eneo zima. Watu wa kijiji kimoja hunywa maji yale yale, husaga nafaka kwa njia moja, hula chakula kinachofanana. Mtu wa ishirini kutoka kijiji hicho hakuongezei habari kama yule wa kwanza.

Hesabu yake ni 1 + (m − 1) × r, ambapo m ni idadi ya watu kwa kijiji, na r ni kiasi ambacho watu wa kijiji kimoja wanafanana. Tukichukulia r ya 0.03 na watu 20 kwa kijiji, inatoka 1.57. Zidisha 385 kwa hiyo unapata 605. Ukitegemea mmoja kati ya kumi atakataa au hatapatikana, unahitaji kuandikisha 673, yaani vijiji 34. Wengi wakiona hivyo husema: tuchukue vijiji 10 vyenye watu 68, jumla 680, tuokoe mafuta ya gari. Kwa r ile ile kizidisho kinakuwa 3.01, na watu wako 680 wana thamani ya watu 226. Ni bora vijiji vingi vyenye watu wachache.

Ndani ya kijiji, panga nafasi sawa kwa kila kundi la umri, na wanaume na wanawake nusu kwa nusu. Ukichagua kiholela wazee watakuwa wachache mno kuchambuliwa. Kwa kuwa umewapa nafasi kubwa kuliko idadi yao halisi, kumbuka kurudisha kila kundi kwenye uzito wa idadi yake halisi wakati wa kutoa kiwango cha eneo zima.

Kaya zichaguliwe kwa orodha na kura, na mtu ndani ya kaya kwa kura pia. Usikubali "tutakukusanyia watu shuleni". Watakaokuja ni wenye maumivu na wenye nafasi. Wanaofanya kazi za vumbi, ambao ndio unaowatafuta, watakuwa kazini. Nenda mapema asubuhi au jioni, rudi mara mbili kwa asiyepatikana, na epuka majuma ya kupanda na kuvuna.

Hojaji: uliza kilichogusa jino

Kwa kila jambo la kijamii, weka maswali ya njia ambayo lingefika kwenye jino. Hapo ndipo majibu yako yatakuwa na maana.

*Kazi.* Usiulize kazi ya sasa. Mzee wa miaka 60 anayepumzika sasa huenda alivunja mawe miaka 25. Uliza: "Ni kazi gani uliyoifanya miaka mingi kuliko zote? Ilikuwa na vumbi hata ukilisikia kwenye meno?" Uliza mvuke wa asidi pia. Wafanyakazi wa viwanda vya betri wanajulikana kwa kulika kwa meno ya mbele, na watu huhama kutoka mjini kurudi kijijini wakiwa na meno waliyoyapata huko. Ongeza swali la kutumia meno kama kifaa: kukata uzi, kumenya nyuzi, kufungua vizibo, kushika misumari au sindano.

*Chakula.* Kinachohitajika hapa ni namna ya kusaga na kuhifadhi: jiwe, kinu, mashine, kuanika chini. Chembe za mchanga wa kwazi zina ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, enameli ni 5. Hakuna enameli inayoshinda hapo. Ukitaka uthibitisho zaidi ya maneno, chukua gramu 50 za unga wa kaya, koroga ndani ya lita 1 ya maji, subiri kama nusu dakika, mwaga taratibu, rudia mpaka maji yawe maangavu. Kinachobaki chini kikaushe ukipime. Kaya tatu kwa kila kijiji zinatosha kukuonyesha tofauti.

Kwa asidi, idadi ya mara kwa siku ni muhimu kuliko kiasi. Uliza pia kama mtu huzungusha kinywaji mdomoni, kama hunywa kidogo kidogo kwa saa nzima, na kama hula matunda makali usiku kabla ya kulala, wakati mate ni machache. Mate ndiyo yanayozimua asidi. Mtu anayeshinda juani bila maji mate yake hupungua, kwa hiyo kitu kile kile chenye asidi kinaweza kumdhuru mkulima kuliko aliyekaa kivulini.

*Usafi.* "Je, unapiga mswaki?" ni swali la kupoteza muda, kila mtu atasema ndiyo. Badala yake: "Jana, tangu ulipoamka mpaka ulipolala, ulisafisha meno mara ngapi? Kwa kutumia nini? Hicho ulichotumia kipo, naweza kukiona?" Mswaki wenye nywele zilizolala pande zote unakuonyesha nguvu inayotumika. Mwombe akuonyeshe anavyofanya, kwa sekunde chache tu, na uandike: kwenda mbele na nyuma, kuzungusha, au mchanganyiko. Dawa ya meno yenyewe, ikiwa inafuata kiwango cha kimataifa cha ISO 11609, ina kikomo cha ukwaruzaji wa dentini cha 250 kwenye kipimo kiitwacho RDA. Mkaa uliosagwa, majivu na mchanga havina kikomo chochote, na hapa ndipo uwezo wa kaya unapoingia: asiyemudu dawa ya meno huokota kilichopo.

*Afya.* Kiungulia mara ngapi kwa wiki, kutapika kwa muda mrefu (kwa wanawake, pamoja na kipindi cha mimba), dawa zinazokausha kinywa, kusaga meno usingizini. La mwisho aulizwe pia anayelala chumba kimoja naye, mwenyewe hajui.

*Uwezo wa kaya.* Kipato cha fedha taslimu vijijini hakisemi kweli: kinapanda na msimu, na watu wana sababu za kukificha. Tengeneza kipimo cha mali kama walivyopendekeza Filmer na Pritchett mwaka 2001: paa, sakafu, choo, chanzo cha maji, mifugo, ardhi, vyombo vya usafiri. Ondoa kitu kinachomilikiwa na karibu wote au karibu hakuna, maana hakitenganishi watu. Kwa sampuli ya mia chache gawanya makundi matatu. Matano yatakuachia vikundi visivyo na watu.

Elimu andika kwa miaka aliyomaliza, usiandike "msingi" na "sekondari" peke yake. Wengi wa wazee waliacha katikati.

Kinywani, hatua kwa hatua

Kabla ya yote, pata kibali cha kamati ya maadili na cha uongozi wa eneo, na ridhaa ya kila mtu. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi, kisha aweke dole gumba.

Ukitazama watu 20 kwa siku, beba seti 25 zilizotakaswa: kioo bapa, kichunguzi chenye tufe, vipande vya pamba au shashi. Vifaa vilivyotumika vioshwe kwa brashi na sabuni mpaka vising'ang'anie kitu, vifungwe, kisha viingie kwenye otoklevu (chombo cha kutakasia kwa mvuke wenye shinikizo) nyuzi 121 kwa dakika 30. Kifaa chenye uchafu uliokauka hakitakasiki hata kikichemshwa mchana kutwa.

1. Mketishe mtu kwenye kiti chenye egemeo, kisogo kikiwa ukutani, mgongo wake kwa jua. Tumia taa ya kichwani yenye mwanga mweupe. Mwanga wa jua unaobadilika unaficha mng'aro wa enameli.

2. Mpe mswaki mpya na maji, asafishe. Utando wa uchafu shingoni unafunika kabisa shimo la milimita 1.

3. Kausha sehemu moja kwa shashi, itazame, iandikishe, nenda ya pili. Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi kuliko zote. Jino lenye mate hung'aa, na alama 1 haionekani juu ya mate.

4. Anza 17 uende mpaka 27, shuka 37, maliza 47. Daima hivyo. Taja namba ya sehemu, halafu alama. Karani airudie kwa sauti.

5. Jino lenye kizibo au kofia kwenye zaidi ya nusu ya uso liachwe. Jino lisilokuwepo liandikwe halipo, na mtu aulizwe sababu ya kung'olewa.

6. Ukisita kati ya alama mbili, chukua ya chini. Kanuni hii ifuatwe na wachunguzi wote, la sivyo tofauti ya vijiji itakuwa tofauti ya wachunguzi.

7. Mwenye maumivu, kiini kilicho wazi au uvimbe aandikiwe rufaa papo hapo, na jina la kituo kinachompokea. Usisubiri mwisho wa kazi.

Kuwalinganisha wachunguzi

Kabla ya kuanza, wachunguzi wote wawaone watu 20 wale wale, mara mbili, na siku kadhaa katikati. Chagua watu wa rika tofauti. Ukiwatumia vijana watupu, karibu kila alama itakuwa 0, mtakubaliana asilimia 95, na bado kappa (kipimo cha makubaliano kinachoondoa yale yanayotokea kwa bahati) itakuwa ndogo. Ukishangaa kwa nini, sababu ni kwamba kukubaliana huko kungetokea hata kwa kubahatisha.

Tumia kappa yenye uzito, kwa kuwa kutofautiana kati ya 1 na 2 si sawa na kutofautiana kati ya 0 na 3. Kwa mizani ya Landis na Koch ya mwaka 1977, kuanzia 0.61 ni makubaliano makubwa. Chini ya hapo kaeni chini na picha, jadilini, rudieni. Tofauti nyingi hutokea kati ya 0 na 1, na dawa yake huwa ni kukausha meno vizuri. Wakati wa kazi, chunguza upya asilimia 5 hadi 10 ya watu, ukitawanya katika majuma yote, kwa sababu jicho la mchunguzi huhama taratibu bila yeye kujua.

Kuchambua bila kujidanganya

Anza na jedwali la kila jambo ndani ya kila kundi la umri. Jambo likitoweka ukishatenga umri, liache litoweke.

Kulika kukiwa kumewapata wengi, usitumie uwiano wa odi kana kwamba ni uwiano wa viwango. Odi ni walioathirika gawa kwa wasioathirika; kiwango ni walioathirika gawa kwa wote. Kundi moja likiwa na 60 kwa 100 na jingine 40 kwa 100, uwiano wa viwango ni 1.5, lakini wa odi ni 2.25. Msomaji atasoma "mara mbili na zaidi" na atakuwa amedanganywa. Modeli ya Poisson (aina ya hesabu ya takwimu iliyomo kwenye programu za uchambuzi) yenye makosa sanifu imara, inayohesabu pia kwamba watu wametoka vijiji vimoja, inakupa uwiano wa viwango moja kwa moja.

Usitupe kila kitu kwenye modeli moja. Swali likiwa "je, elimu inahusiana na kulika?", weka elimu, umri, jinsia na kijiji. Ukiongeza aina ya mswaki na mkaa hapo hapo, umeziba njia ambayo elimu inapitia, na elimu itaonekana haina kazi. Modeli ya pili, yenye hizo njia, ije baadaye, na tofauti kati ya modeli hizo mbili inakudokezea kiasi gani cha athari kilipitia mswaki. Jinsia ni vivyo hivyo: wanaume mara nyingi huonekana na kulika zaidi, na sehemu ya sababu ni nguvu kubwa ya taya, lakini sehemu nyingine ni kazi na tumbaku. Ukitaka kuzitenganisha, unahitaji modeli mbili.

Linabaki tatizo la meno yasiyokuwepo. Mtu mwenye meno manane anatafuna kwa hayo manane, nayo yanabeba mzigo wa yote. Lakini pia meno yaliyolika vibaya zaidi huenda ndiyo yaliyong'olewa, na mzee huyo akaonekana ana alama ndogo kuliko kijana wake. Makosa haya mawili yanavuta pande tofauti na hayafutani. Sehemu isiyo na jino hata moja usiipe 0. Iandike X, na jumla ya BEWE ya mtu huyo isilinganishwe na ya mwenye sehemu zote sita. Kwenye ripoti weka idadi ya wastani ya meno yaliyopo kwa kila kundi la umri na kila kundi la mali, kisha rudia uchambuzi wote kwa wenye meno 20 au zaidi peke yao. Kama maskini wanaonekana kulika zaidi kwenye uchambuzi wa kwanza na si kwenye wa pili, ulichokigundua huenda ni tofauti ya kung'olewa meno, na ripoti iseme hivyo kwenye jedwali lile lile, si kwenye kiambatisho.